Sindano Kwenye Shingo ya Gauni

Siku hiyo Meza alikuwa na hofu mbili, na zote mbili zilikuwa za kike.

Ya kwanza ilikuwa imekaa kwenye kiti cha wageni katikati ya chumba cha habari, mkoba mapajani, viatu vipya vikiibana, ikiangalia kila kitu kama mtu aliyekuja kununua nyumba na tayari ameshaona ufa. Huyo alikuwa mama yake mzazi. Ya pili ilikuwa imeondoka saa saba na robo kwa gari la ofisi, daftari mkononi na nusu ya chapati mdomoni. Huyo alikuwa Soli.

Soli halikuwa jina la kuzaliwa. Alipewa pale gazetini kwa jinsi alivyokuwa akila soli za viatu. Walimpa habari ya bomba moja la maji lililopasuka, akalifuata bomba hilo kwa miguu kuanzia kwenye tangi mpaka bombani kwa mtu wa mwisho, na aliporudi soli moja ilikuwa imebaki huko njiani. Fundi viatu wa mtaa ule akimuona anapita alikuwa anasimama, kama vile anapita waziri.

Meza naye aliitwa Meza kwa sababu alikuwa wa mezani. Kazi yake ilikuwa kupokea simu za waandishi walio nje, kuandika wanachosema, kisha kuwasomea. Miaka sita alikalia kiti kimoja, mpaka kiti kikachukua umbo lake. Mtu mwingine akikikalia anaanza kuinamisha kichwa upande wa kushoto, upande wa simu.

Wengine hupendana kwa macho. Hawa wawili walipendana kwa sikio. Mwandishi akimaliza kutaja habari yake hufunga kwa neno moja, "Nisomee," ili ahakikishe hakuna kilichoandikwa vibaya. Waandishi wote walilisema neno hilo kama watu wanaodai chenji. Soli pekee alilisema polepole, kama mtu anayevuta shuka, na Meza alikuwa akimsomea habari za mifereji iliyoziba kwa sauti ambayo mhariri alisema ingefaa zaidi kusomea barua za siri.

Sasa mapenzi yalikuwa yamefika kwenye familia. Saa kumi jioni Mama alikuwa apelekwe kwa shangazi yake Soli, aliyemlea, wanawake hao wawili waonane na kuongea lao. Na asubuhi ile ile, pale kwenye birika la chai, Meza alikuwa ameharibu.

"Leo tu nakuomba," alimwambia. "Usipande, usiingie, usichungulie."

"Leo tu?"

"Leo, na kesho, na siku zote. Wiki iliyopita uliingia ghala linalowaka. Mwezi uliopita ulikuwa juu ya paa. Mimi nakaa hapa na simu, moyo unanitoka kwa mdomo. Ukiingia tena mahali ambapo wenzako wanatoka, basi kwa shangazi yako siendi. Sisemi mara mbili."

Soli alimtazama kwa muda wa mtu anayesoma barua fupi mara mbili.

"Sawa," alisema. "Nitakuwa nakaa getini."

"Niahidi."

"Nimeahidi, Meza. Getini."

Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomtia Meza ubaridi mgongoni tangu asubuhi. Soli hakuwa mtu wa upole.

"Hebu niambieni," Mama alisema sasa, saa nane na dakika chache, baada ya kuchoka kuangalia dari. "Huyu binti anafanya nini hasa? Maana huyu mwanangu akinieleza anaona haya na hamalizi."

Mhariri, mwanaume mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine aliyoisahau kichwani, alisogeza kiti. Alipenda sana kuulizwa swali hilo.

"Anakwenda mahali kitu kimetokea, mama. Anauliza: nini kimetokea, kimemtokea nani, wapi, lini, kwa nini, na vipi. Akishapata majibu anapiga simu hapa, mwanao anaandika."

"Yaani mnamlipa kwa umbea."

"Umbea wenye ushahidi, mama."

"Tofauti yake?"

"Mbea anasema 'nasikia.' Hapa neno 'nasikia' haliingii mlangoni. Ukitaja jambo, kuna njia mbili tu. Ama useme nani kakwambia, kwa cheo chake au kazi yake. Ama uwe umeliona kwa macho yako. Kama hukumtaja mtu, basi umekwenda, umesimama pale, umeona. Huyo binti nimemfundisha mwenyewe. Unaweza kumning'iniza kichwa chini, hataandika asichokiona bila kumtaja aliyemwambia."

Mama aliligeuza jambo hilo kichwani. "Ingekuwa vizuri na wanaume wafundishwe," alisema.

Simu ikalia.

"Soli," Meza alisema kabla hata ya kuinua mkono.

"Weka sauti nje, mama asikie kazi," mhariri alisema.

Meza hakutaka, ila alibonyeza. Sauti ya Soli ikajaa chumbani, ya chini kidogo kuliko kawaida yake.

"Meza, uko tayari?"

"Uko wapi?"

"Getini. Si nimeahidi? Andika." Akaanza kutaja, kwa ule mwendo wao wa siku zote, neno na pumzi. "Jengo la ghorofa tatu nyuma ya soko limefungwa leo saa saba mchana, mkato, baada ya nguzo yake moja ya chini kupasuka, nukta. Mkuu wa kikosi cha zimamoto anasema watu wote wametoka na hakuna aliyeumia, nukta. Mwenye duka la sabuni anasema alisikia mlio kama gunia la mchanga lililodondoka kutoka juu, nukta. Umepata?"

"Nimepata."

"Aya mpya. Ghorofa ya pili, kwenye chumba cha mafundi cherehani, vyerehani kumi na kimoja vimeachwa kama vilivyokuwa, nukta. Kwenye cherehani cha mwisho, karibu na dirisha lenye pazia la kijani, kuna gauni la bluu, na sindano bado imezama kwenye shingo ya gauni hilo, nukta. Feni ya dari imelala upande, nukta. Ufa umeanzia pembe ya mlango mpaka kwenye feni, mkato, na kidole kinaingia, nukta." Kisha, kama anavuta shuka: "Nisomee."

Mama alimtupia mwanawe jicho aliposikia neno hilo lilivyosemwa. Masikio ya Meza yakashika moto. Akainamisha kichwa upande wa kushoto, akaanza kusoma. Alisoma la nguzo, akasoma la mkuu wa kikosi, akasoma la sabuni. Akafika kwenye gauni.

"Hapo," Mama alisema. "Rudia hapo."

"Mama, tuko kazini."

"Rudia."

Akarudia. Mama alikuwa ameshona nguo za watu kwa miaka thelathini na mbili, na vidole vyake vya kulia vilikuwa vimeanza kusuguana vyenyewe juu ya mkoba, kama vinashika kitambaa.

"Sindano kuzama shingoni," alisema polepole. "Mimi hapa siioni bila kuinama, na pua ikiwa inakaribia kushonwa. Huyu aliye getini ameionaje?"

"Ameambiwa," Meza alisema.

"Na nani?"

Meza akashusha macho kwenye maandishi yake. Mkuu wa kikosi anasema. Mwenye duka la sabuni anasema. Aya mpya, halafu hakuna anayesema. Vyerehani kumi na kimoja, pazia la kijani, sindano, feni, kidole kinaingia. Alisoma aya hiyo juu mpaka chini akitafuta mtu wa kumtaja, angalau mlinzi au mpita njia tu. Hakumpata. Mhariri naye alikuwa ameshasimama, na miwani ya kichwani ilikuwa imemwangukia puani juu ya ile nyingine.

"Soli," Meza alisema kwenye simu. "Hili la gauni. Nani amekwambia?"

Meza aliinamia simu.

"Soli."

"Nisomee kwanza mpaka mwisho, Meza."

"Nani amekwambia?"

Walisikia anavuta pumzi. Sasa, baada ya kujua, walisikia na vingine: mwangwi usiokuwa wa barabarani, na kitu kama punje za mchanga zikimwagika juu ya bati.

"Nilisikia mtu anagonga," Soli alisema. "Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, hawakuuzungushia kamba. Ni fundi mmoja, mzee, amerudi kuchukua kazi ya mteja, na mlango wa stoo ukajibana akiwa ndani. Nimeshamtoa, yuko hapa na mimi. Tunashuka sasa hivi. Dakika mbili, Meza. Nilitaka utakapojua niwe nimeshafika getini, ili iwe siyo uongo sana."

"Shuka. Acha kuongea, shuka."

"Tunashuka. Mzee anataka lile gau..."

Mlio ukaja. Gunia la mchanga, vile vile alivyosema mwenye duka la sabuni, ila magunia mengi, na yakawa hayamalizi kudondoka. Halafu simu ikanyamaza.

Birika la chai, lililokuwa limewashwa na mtu kabla ya dunia kubadilika, likachemka na kujizima lenyewe.

Meza alipiga. Sauti ya mashine ikamwambia kwa heshima zote kwamba mtu anayemtafuta hapatikani kwa sasa. Akapiga tena. Mara ya tatu vidole vilikuwa vinabonyeza tarakimu zisizokuwepo kwenye namba, na mhariri akamshika kiganja, akampigia dereva wa ofisi aliyekuwa na gari pale pale sokoni.

"Soli yuko wapi?" mhariri aliuliza.

"Amesema anakwenda kunywa maji, bosi. Sasa hivi kuna kitu kimeanguka huku ndani, vumbi mpaka kwenye gari."

"Yuko ndani."

"Hapana, bosi, ndani hakuna mtu, wamesema..."

"Nipe mimi," Meza alisema, na mhariri akampa. "Mpelekee simu mkuu wa kikosi. Kimbia. Kama umevaa kandambili zivue."

Walimsikia dereva akikimbia, na pumzi zake, na watu wakimwambia arudi nyuma. Kisha ikaja sauti nzito ya mtu aliyezoea kusikilizwa mara moja.

"Mkuu wa kikosi hapa."

"Kuna watu wawili ghorofa ya pili. Mwandishi wetu na fundi mmoja mzee."

"Kaka, jengo hilo ni tupu. Vijana wangu wamehesabu. Ngazi zimeporomoka sasa hivi na mashine ya kubomoa iko njiani, tunauangusha ukuta wa nyuma kabla haujaangukia soko. Nani kakwambia kuna watu?"

Meza alishika karatasi aliyokuwa ametoka kuichapa. Ilikuwa inatetemeka kiasi kwamba Mama alinyoosha mkono akaishika upande mmoja, mwana akashika upande wa pili, ikatulia.

"Sikiliza," alisema. "Ghorofa ya pili, chumba cha mafundi cherehani. Vyerehani kumi na kimoja. Dirisha lenye pazia la kijani. Gauni la bluu, sindano imezama shingoni. Feni imelala upande. Ufa kutoka pembe ya mlango mpaka kwenye feni, kidole kinaingia."

"Hayo nani kayasema?"

"Hakuna. Ndiyo maana nakwambia. Wewe umeandikwa humu kwamba umesema, wa sabuni ameandikwa kwamba amesema. Hii aya haina msemaji. Mwandishi huyu asipomtaja mtu, ujue amesimama mwenyewe mahali hapo."

Walimsikia mkuu wa kikosi ameshusha simu, na kwa mbali akiuliza, "Pazia la kijani liko upande gani?" Mtu akajibu. Halafu sauti yake ikapaa. "Simamisha hiyo mashine. Isifike hapa. Leteni ngazi ndefu upande wa nyuma."

Dereva akarudishiwa simu, na kuanzia hapo ikawa kusubiri.

Kuna watu wanaosema saa ina dakika sitini. Hao hawajawahi kusubiri namna hiyo. Meza aliona mshale wa saa ya ukutani ukisimama kabisa kupumzika, halafu unajifikiria, halafu unasogea kwa shingo upande. Alijaribu kukumbuka uso wa Soli akashindwa. Alichokumbuka ni chapati, ile nusu, na jinsi alivyoaga kwa nyusi kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa. Akawaza kwamba kama hayo ndiyo ya mwisho, basi ataishi na nyusi hizo mpaka azeeke.

"Mama," alisema. "Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Amenidanganya kwa sababu nilimwambia akiingia siendi kwa shangazi yake. Nilimtisha. Angeniambia ukweli tangu mwanzo, dakika ile ya kwanza, zimamoto wangekuwa wamejua mapema. Badala ya kupiga simu ya msaada alikuwa anatafuta namna ya kufika getini kabla sijajua."

Mama alikuwa amevua viatu vipya. Miguu yake iliyovimba ilikuwa juu ya sakafu ya baridi, na bila viatu hivyo alionekana mdogo.

"Baba yako alikuwa wa nguzo za umeme," alisema.

"Najua, Mama."

"Hujui. Ulikuwa na miaka minne. Kila mvua ikinyesha nilikuwa nampigia. Nilishamwambia akipanda tena wakati wa mvua nakuchukua wewe narudi kwetu. Basi akawa hapandi. Kila nikipiga, yuko chini, yuko kwenye kibanda, anakunywa chai. Hata siku ile. Nikamwambia chai iko vipi? Akasema tamu. Kumbe yuko juu na waya mkononi, simu ameibana kwa bega." Akakunja midomo, akaikunjua. "Hakuacha kupanda, mwanangu. Aliacha kuniambia tu. Nimekaa na huo utamu wa chai miaka ishirini na tano. Ndiyo maana leo huyu binti amenitia hofu. Siyo tabia yake. Sauti yake. Ulipouliza uko wapi na yeye akasema getini, niliisikia ile chai."

Mhariri alikuwa ameupa chumba mgongo, anaangalia dirishani, anafuta miwani isiyokuwa na vumbi.

Simu ikakwaruza.

"Wamepandisha ngazi," dereva alisema.

"Umeona au umeambiwa?" Meza aliuliza.

"Naona. Jamaa mmoja anapanda. Amefika. Anavunja kioo." Kukatika, kurudi. "Wanasema wamepata mtu."

"Nani anasema?"

"Watu hapa."

"Usiniambie watu. Unaona nini?"

"Naona gauni."

"Gauni?"

"La bluu. Linashuka kwenye ngazi. Kuna mzee kalikumbatia, wamembeba mgongoni, hataki kuliachia. Yuko mzima, anawafokea wasilikunje."

"Na Soli?"

Walimsikia dereva anasogea mbele na mtu anamrudisha nyuma.

"Dirishani kuna nani?"

"Hakuna mtu, Meza. Pazia tu." Kisha kwa sauti ndogo, "Mzee anasema..."

"Sitaki anachosema mzee." Meza alikuwa ameinuka, kile kiti cha miaka sita kikaanguka nyuma yake na hakusikia. "Angalia dirisha. Usitoe macho hapo. Niambie kinachoonekana, hata kama ni vumbi."

"Vumbi," dereva alisema. "Vumbi. Kofia ya zimamoto, imeingia ndani. Vumbi. Vumbi, Meza. Pazia linatikisika." Sauti yake ikavunjika katikati. "Naona mguu."

"Mguu gani?"

"Mguu mtupu. Hauna kiatu. Unatafuta ngazi."

Meza alikaa chini, na kwa kuwa kiti hakikuwepo, alikaa sakafuni, kwa kishindo, simu sikioni. Mama hakumcheka. Siku nyingine angemcheka wiki nzima.

Ilichukua muda mrefu mguu huo kushuka, na dereva aliutangaza ngazi kwa ngazi, kama mtu anayehesabu pesa za kwake mwenyewe. Kisha simu ikapokonywa, wakasikia kikohozi, tena kikohozi.

"Meza?"

Mtu aliyeishi kwa kuongea na simu miaka sita alikosa hata neno "haloo." Mama akainama, akaichukua simu mkononi mwake, akaibonyeza sauti itoke nje.

"Huyu ni mama yake," alisema. "Uko wapi?"

Walimsikia huko ng'ambo akijipangusa vumbi kwa heshima ya mkubwa.

"Shikamoo, mama. Niko getini."

Meza aliona mkono wa Mama ukikaza simu.

"Unaona nini?" Mama aliuliza.

"Mama?"

"Umesema uko getini. Niambie unachokiona."

Soli akaelewa. Hakuna aliyemweleza, ila ilikuwa kazi yake kuelewa maswali.

"Naona gurudumu la gari la zimamoto," alisema polepole. "Lina tope jekundu, na ganda la chungwa limenasa kwenye kifuniko. Naona kamba ya njano, wameifunga kwenye bango la duka la sabuni. Naona dereva wetu analia, anamwambia kila mtu ni vumbi. Naona kiatu changu kimoja. Cha pili sikioni. Na kuna mtu anaufunga mguu wangu bandeji, naye ana chunusi shavuni, upande wa kulia."

Mama alipumua. Ilikuwa pumzi ndefu, na mhariri aliapa baadaye kwamba karatasi za mezani zilisogea.

"Yuko getini," aliwaambia. Kisha kwenye simu: "Sasa nisikilize, binti. Sitakuambia usipande. Nilishamkataza mtu mmoja kupanda, sitarudia. Na huyu mwanangu nimesikia alivyokutisha, nitamalizana naye mwenyewe. Nataka kitu kimoja. Nikikuuliza uko wapi, uniambie uliko. Hata kama uko juu. Hata kama unajua nitaumwa tumbo. Niumwe nikijua."

"Hata kama niko juu," Soli alisema. Sauti ilikuwa inamtetemeka sasa, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Niliogopa, mama. Siyo jengo. Niliogopa asiende kwa shangazi."

"Atakwenda. Nitamvuta kwa sikio, anajua kulitumia. Tumwambie shangazi yako uko njiani?"

"Mwambieni..." Soli alianza, akasita. "Hapana. Mwambieni nimekaa chini hapa na bado siwezi kusimama."

"Haya," Mama alisema, na uso wake ukalegea mahali palipokuwa pamekaza tangu Meza akiwa na miaka minne. "Binti wa namna hiyo naweza kukaa naye nyumba moja. Lile gauni je, limeharibika?"

"Shingo imekaa upande kidogo, mama."

"Mwambie huyo fundi aniletee. Mtu hafi kwa ajili ya shingo ya upande."

Akampa mwanawe simu, akaanza kutafuta viatu vyake chini ya kiti kwa kidole cha mguu.

Meza aliinuka, akasimamisha kiti, akakaa. Mhariri alikuwa amesimama juu ya bega lake, saa mkononi, kwa maana gazeti halijui kulia.

"Aya ya mwisho," mhariri alisema. "Ana uwezo?"

"Ninao," Soli alisema. "Andika. Fundi mmoja mwenye umri wa miaka sitini na tisa ameokolewa kupitia dirisha la ghorofa ya pili saa tisa kasorobo, nukta. Mkuu wa kikosi anasema mashine ya kubomoa ilikuwa imebakiza dakika kumi kufika, nukta."

"Na mwandishi?" Meza aliuliza.

"Mwandishi haingii kwenye habari yake. Unajua sheria."

Meza aliandika hata hivyo. Vidole vilikuwa vimepata nguvu, viliandika haraka, na mhariri akasoma juu ya bega lake, kwa miwani zote mbili: *Alikuwemo pia mwandishi wa gazeti hili, aliyesema yuko getini kwa sababu mtu mmoja wa mezani alikuwa mwoga kuliko yeye, na mtu huyo leo ameifuta ahadi aliyomlazimisha kuiweka.*

"Hiyo inakatwa," mhariri alisema.

"Ikate."

Mhariri akainama na kalamu yake nyekundu, akaipiga mstari sentensi nzima, taratibu, bila kuifunika herufi hata moja. Kisha akakumbuka ana shughuli upande wa pili wa chumba, akamwalika Mama akaone mashine ya zamani ya kuchapia gazeti iliyokuwa imewekwa kwenye korido kwa maonyesho.

Meza alibonyeza ile sauti ya nje ikazimika. Akaibana simu sikioni, kichwa upande wa kushoto.

"Umeandika nini hapo?" Soli aliuliza. Nyuma yake injini ya gari la zimamoto ilikuwa inanguruma, na dereva anapiga chafya. "Nimesikia unaandika kirefu. Meza?"

"Nipo."

"Nisomee."